Mazengo: Mtemi Aliyegeuka Jina la Shule

Ukimwambia dereva wa bodaboda wa Dodoma akupeleke Mazengo, atakufikisha palipokuwa na shule ya sekondari ya jina hilo, ambapo tangu 2007 pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mtu mwenyewe, mtemi wa Mvumi, amemezwa na mahali. Linaniudhi hilo.

Ya tembo aliyedidimia hadi Dodoma ikapata jina tumeyasikia sote, na reli iliyofika Dodoma 1910 ina wasimulizi wake. Lakini Mvumi, kusini-mashariki ya mji, ilijulikana na misafara iliyopita kati ya pwani na Unyanyembe (Tabora) kabla hata ya stesheni kuwapo. Watemi wa Ugogo, nchi ya Wagogo, walitoza hongo ya nguo na shanga kabla msafara haujaruhusiwa kupita. Msafiri Stanley, aliyepita 1871, alilalamika kama aliyeporwa. Kuporwa gani? Nchi ni kame, visima vya kuhesabu, na wapagazi kwa mamia wanafika na kiu yao. Nani asingetoza?

Nalishikilia suala la hongo kwa sababu lina jibu kwa Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyekaa Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwake yeye, mtemi wa Kigogo alikuwa hasa mtu wa matambiko na mlinzi wa mawe ya mvua. Mamlaka ya kuamuru yaliongezwa na wakoloni. Kuhusu mvua, nakubali. Lakini msafara wenye bunduki hausimamishwi kwa tambiko peke yake: wanahitajika vijana wa mikuki, mjumbe anayejua kupatana bei, na mkubwa wa kugawa nguo bila kuzua ugomvi. Hiyo ni siasa, na Mwingereza alikuwa bado hajafika.

Mazengo aliirithi siasa hiyo katika wakati mgumu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ukafuata, na njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 ikaua, kwa makadirio, mtu mmoja katika kila watano. Kisha Gavana Cameron, kwa sheria ya 1926, akawafanya watemi wakusanya kodi na mahakimu wenye mshahara. Bwana DC anadai kodi. Wazee wanauliza mvua iko wapi. Mtemi akimkosa wa kwanza anavuliwa cheo. Akiwakosa wa pili, cheo kinabaki bila watu. Kumwita mtu wa kiti hicho kibaraka, kama tulivyozoea kuwaita machifu wote, naona ni uvivu wa kufikiri.

Serikali ilifuta utemi 1963. Mji ukaendelea bila mtemi: mwaka 1973 chama cha TANU kikauchagua mji wa Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Mwaka 2018 ukawa jiji.

Mathias Mnyampala, Mgogo mwenyewe, alishachapisha historia ya Wagogo kwa Kiswahili 1954, kwa hiyo hatuanzi patupu. Atakayemwandika Mazengo asiishie kwenye mawe ya mvua. Aende barazani Mvumi, kwenye kesi za ng'ombe, mahari na kodi.