Paka wako kaacha kwenda kwenye mchanga? Usimtupe kwanza, soma hapa

Leo siasa tuziweke pembeni, tuongelee paka. Najua kuna watakaocheka, "yaani Mpanda nzima umekosa habari mpaka unatuandikia mikojo ya paka?" Chekeni tu. Wanaolala na magunia ya mchele ndani wananielewa.

Kwetu ilikuwa hivi. Mwezi wa sita mchele umejaa chumbani, mnunuzi kaja, kachoma bambo kwenye gunia, kanusa, kanyamaza. Akachoma la pili, akanusa tena, akaaga. Hakurudi. Magunia matatu yalikuwa yamekojolewa, na hiyo ndiyo ilikuwa hela ya sare na madaftari ya wadogo zangu. Mama akasema kesho asubuhi huyo paka anatiwa kwenye kiroba akaachwe sokoni. Mimi ndiye niliyeomba siku saba. Nikakaa kwenye kompyuta pale mjini kusoma, na nikaenda kumuuliza afisa mifugo. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza kabisa, kabla hujafikiria adabu, fikiria ugonjwa. Hasa kama paka wako ni dume. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, ikizibwa na vijiwe au uchafu mkojo hautoki. Utamwona anachuchumaa hapa, anahamia pale, anakamua, kinatoka kitone au hakitoki kitu kabisa. Analia, anajilamba nyuma kila saa, wengine hutoa mkojo wenye damu. Watu wengi hudhani kafunga choo. Jirani yetu alidhani hivyo hivyo, akampa mafuta ya kula, akasema kesho atakuwa sawa. Keshokutwa yake paka kafa. Mkojo usipotoka, sumu inarudi kwenye damu, moyo unasimama, na yote hayo yanaweza kutokea ndani ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo dume anayekamua bila kutoa kitu si wa kusubiri mpaka kesho. Mbebe kwenye boksi umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Humjui? Anzia ofisi ya mifugo ya halmashauri yako, au muulize afisa mifugo wa kata, atakuelekeza.

Na tafadhali sana, usimpe Panadol! Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo, hata nusu kidonge kinaweza kumuua. Diclofenac nazo na zile za maumivu ya viungo vya babu, weka mbali.

Magonjwa mengine yapo. Minyoo na kuhara humfanya ashindwe kuwahi. Paka mzee viungo vinamuuma, ukingo wa beseni unakuwa mrefu kwake. Anayekunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana anaweza kuwa na shida ya figo au kisukari. Kama afya ni nzima, ndipo tuhamie kwenye mambo ya nyumbani.

Hapa kuna kitu watu hawakijui: paka hafanyi kwa kisasi. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walitoa utafiti kwenye jarida la Science, walipima vinasaba wakaonyesha kwamba paka wa nyumbani wote wametokana na paka pori wa upande wa Mashariki ya Kati. Ndugu zake hao hao wa porini tunao hata huku Afrika. Ni mnyama wa kufukia kwenye udongo mkavu uliolegea, ndiyo asili yake. Akiacha, ujue kuna kitu kimemkera. Kumsugua pua kwenye mkojo au kumchapa ndala kunamfundisha jambo moja tu, kukukimbia wewe na kwenda kukojoa mahali usipopaona. Chini ya kitanda, kwa mfano.

Wengi wetu hatuna beseni la paka, paka anatoka nje anachimba. Sawa, kiangazi hakuna tatizo. Ila huku kwetu mvua zikianza mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne hivi, ule mchanga wa uani unakuwa tope, na paka hapendi miguu ilowe. Ndiyo maana anaingia ndani kutafuta kitu kikavu: majivu ya jikoni, nguo za kufua, gunia. Dawa yake ni kumwekea choo chake mahali pakavu.

Si lazima ununue. Chukua karai pana, au dumu la lita 20 ulikate ubavu, lakini liwe refu kumzidi yeye mwenyewe ili aweze kugeuka. Weka mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili vitatu. Vumbi la mbao unalipata bure kwa mafundi seremala, ila chambua misumari. Pumba za mpunga kutoka mashineni baadhi ya paka wanazikubali, wengine wanazikataa, jaribu. Majivu yanakata harufu ila nyumba nzima itajaa nyayo. Na usione ni umaskini, hata Marekani walikuwa wanatumia mchanga na majivu mpaka mwaka 1947, pale Edward Lowe wa jimbo la Michigan alipompa jirani yake udongo mkavu wa mfinyanzi badala ya majivu, akaja kutajirika nao.

Toa uchafu kila siku. Paka akikuta pamejaa anaondoka, hata wewe choo cha stendi kikiwa kichafu unajua unafanyaje. Osha karai kwa maji na sabuni ya kawaida, si Dettol, hiyo ni sumu kwao na harufu inawafukuza. Kwa mama mjamzito, kazi hii amwachie mtu mwingine, maana kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma vinavyodhuru mtoto tumboni. Vimelea hivyo huchukua angalau siku moja kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza, hiyo nayo ni sababu ya kutoa kila siku.

Mahali nako ni shida. Karai lisikae karibu na chakula chake, wala kwenye kelele, wala kwenye kona ambayo mbwa au paka mwingine anaweza kumvizia. Paka wawili, weka makarai matatu. Ukitaka kulihamisha, lisogeze hatua moja kwa siku, usilirushe upande wa pili wa nyumba.

Sasa kama mkojo uko ukutani na si sakafuni, hiyo ni habari tofauti. Paka anasimama, mkia juu unatetemeka, ananyunyiza kidogo. Anaweka alama ya mipaka, na madume ndiyo vinara. Kumhasi ndiyo dawa, karibu tisa kati ya kumi wanaacha au wanapunguza sana.

Kwenye kusafisha watu wanakosea sana. Wanakimbilia Jik. Jik ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma mapafu, usithubutu kwenye chumba kisicho na dirisha. Kausha kwanza na kitambaa, osha na sabuni ya unga, halafu siki na maji nusu kwa nusu, anika juani. Sakafu ya udongo, kwangua tabaka la juu ujaze udongo mpya. Kisha weka bakuli lake la chakula papo hapo, paka hapendi kuchafua anapolia chakula.

Kuhusu chakula: hawa dagaa wakavu wa Ikola na Karema wanawapenda mno, ila ukimpa wakavu tu kila siku mkojo unakuwa mzito. Waloweke kwanza, umwage maji ya chumvi, na maji ya kunywa yawepo muda wote.

Kwetu kosa lilikuwa letu. Mchele ulipoingia tulisogeza karai nyuma ya mlango wa uani, na dume la jirani likawa linamsubiri pale pale. Tukalirudisha ndani, tukamfungia na karai lake kwenye chumba kidogo siku nne, magunia tukayapandisha juu ya mbao. Siku ya tano alikuwa anachimba mchanga wake kama zamani. Mama hajamsamehe, ila panya wamepungua na kiroba kimerudi kubeba mkaa.