Haki ya Muhtasari Kujibiwa

Imekuwa ada ya wanavyuoni, kila wakuu wanapokata shauri baya wakati wa msiba, kulaumu uvivu wao wa kusoma. Husemwa kwamba ushahidi ulikuwapo, ukafupishwa katika kurasa mbili za maneno mepesi, ukawekwa mezani kwa wakati wake, ila mkubwa hakuufungua. Lawama hiyo naiona haitoshi, na hapa Kivu ya Kaskazini, ambako msiba haujaisha machozi ila mwingine umekwisha bisha hodi, yamkini ndiyo iliyotuchelewesha kuuona upungufu wenyewe: muhtasari wa utafiti huingia barazani pasina mtu aliyefaradhishwa kuujibu, na neno lisilodai jibu ni jepesi kupitwa hata na msomaji mwema.

Goma yenyewe ni miongoni mwa asili za muhtasari mashuhuri kabisa katika mambo ya dharura. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda, baina ya 500,000 na 800,000, walivuka mpaka na kutua juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo kisima hakichimbiki wala kaburi, na katika mwezi wa kwanza wakafariki karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Habari hizo zilipochapwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995, na tathmini kubwa ya misaada ilipofuata mwaka 1996, pakazaliwa mwaka 1997 mradi wa Sphere, ambao kitabu chake kimeyakusanya maarifa ya misiba mingi katika vipimo vichache vya kushika kwa moyo: lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250.

Ikapita miaka 28. Mwisho wa Oktoba 2022, waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Rutshuru, watu wa Kalengera na wa vijiji vingine vya kando ya barabara ya Goma wakashuka na watoto na magodoro hadi kambi za Kanyaruchinya, karibu na Goma, juu ya mawe yale yale ya volkano ya Nyiragongo, na tarehe 14 Desemba kipindupindu kikatangazwa rasmi. Hakuna shirika lililokuwa halijui hesabu ya lita 15. Walakini hesabu, hata ikiwa sahihi namna gani, haina ulimi wa kumwuliza mtu kwa jina la afisi yake ni kwa nini maji hayajafika, nani atayaleta, na lini.

Ubaya huzidi pale shauri linapoutaja ugonjwa kuwa sababu na lisionyeshe ushahidi wake. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ya taifa, CENI, iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ilhali rais mpya alikuwa wa kuapishwa Januari, kwa hoja ya janga la Ebola na ukosefu wa usalama. Masoko yalikuwa wazi, na makanisa yalijaa watu kila Jumapili. Kesho yake waandamanaji wakakivamia kituo cha wagonjwa cha Beni, na tarehe 30 wananchi wakajipigia kura zao wenyewe za mfano. Itakumbukwa kwamba Septemba ya mwaka ule watafiti walikuwa wamewahoji watu 961 katika miji hiyo miwili, wakaona kwamba zaidi ya robo hawakuamini kuwa Ebola ipo, na kwamba walioziamini serikali za mahali hawakufika theluthi. Sisemi kwamba kuahirisha kura kulikuwa kosa kwa hali zote. Nasema kwamba lau tume ingalilazimika kuandika, ubavuni mwa uamuzi wake, ushahidi ilioutegemea, ingalilazimika vilevile kueleza kwa nini foleni ya kura ina hatari kuliko foleni ya soko, na katika kutafuta maelezo hayo huenda shauri lingalibadilika.

Na kwamba jambo hili lawezekana, maradhi yale yale yametupa dalili. Kitengo cha uchambuzi wa sayansi za jamii kilichoongozwa na UNICEF, tulichokijua kwa herufi CASS, hakikutuma matokeo yake na kuondoka: kiliyasoma mbele ya wakuu wa kazi, kikaafikiana nao ni lipi litendwe na nani alitende, kisha kikarudi kuangalia lililotendeka na lisilotendeka. Kadhalika watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipokusanya minong'ono ya mitaani, kwamba majeneza yamejazwa mawe, au kwamba maiti hung'olewa viungo, hawakujibiwa kwa mahubiri juu ya ujinga. Palitafutwa mifuko ya kuzikia yenye sehemu ya kuonea ndani, jamaa wakamwona maiti wao. Hilo nalihesabu kuwa mfano wa jibu kamili kwa ushahidi wowote.

Atakayepinga atasema kwamba katika dharura hapana nafasi ya kuandikiana. Lakini janga lile la Ebola, lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287, lilikuwa na vikao vya kila siku, na jibu ninalolitaka ni la mistari mitatu: tumekubali, au tumekataa, sababu ni hii, mwenye dhamana ni fulani, na siku ya kuulizwa ni hii. Mkuu anayo haki ya kuukataa ushahidi, madhali yeye huona mambo ya usalama na ya fedha asiyoyaona mtafiti, bali hana haki ya kuukataa kwa kunyamaza. Na jibu hilo lisikae katika makabrasha ya Kifaransa. Redio zetu za Goma na Rutshuru zilisikilizwa hata makambini. Lisomwe redioni kwa Kiswahili, jioni ile ile, pamoja na jina la afisi iliyolitoa.