Majimbo, Madoadoa na Mgeni: Kiswahili katika Historia ya Utengano wa Kenya

Ni desturi ya wahakiki na waandishi wa vitabu vya shule kukisifu Kiswahili kuwa ndicho kiunganishi cha makabila ya Kenya. Sifa hiyo ina msingi. Julai 1974 Rais Kenyatta aliagiza kitumiwe Bungeni. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 kimekuwa somo la lazima. Na katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, sifa hiyo huficha jambo ambalo idara za Kiswahili hazipendi kulitaja. Siasa mbaya ilipotaka kuwatenga Wakenya, maneno mengi iliyoyahitaji iliyapata katika lugha hiyohiyo ya umoja. Haikuwezekana iwe vinginevyo. Mwanasiasa atakaye kusikika Kapsabet, Molo na Likoni kwa pamoja hawezi kutegemea lugha ya mama yake. Makala haya yanachunguza baadhi ya maneno hayo na hali za utawala zilizoyageuza.

Neno la kwanza ni majimbo. Kwa asili, jimbo ni sehemu ya nchi tu, wala halina ubaya wowote. Kule Tanzania neno hili hutumika kwa eneo la uchaguzi, na Wakatoliki hulitumia kwa eneo la askofu. Hakuna anayeshtuka akilisikia. Nchini Kenya historia ililitia uzito mwingine. Serikali ya kikoloni, ambayo ilikuwa imewagawa wenyeji katika rizavu za kikabila tangu mapema karne ya 20, ilipiga marufuku chama cha KAU mwaka 1953 wakati wa hali ya hatari. Iliporuhusu tena vyama vya Waafrika mwaka 1955, ilitoa sharti kwamba chama chochote kisivuke mipaka ya wilaya yake. Kwa kuwa wilaya zilichorwa kwa kufuata makabila, mtu aliyetaka kuingia katika siasa alilazimika kisheria kuanza kama kiongozi wa kabila. Sharti hilo lilidumu miaka michache tu, ila miaka hiyo ndiyo iliyowalea wanasiasa waliokuja kurithi nchi.

KANU na KADU zilipoundwa mwaka 1960, mgawanyiko huo ulikuwa tayari una sura. KADU, iliyoongozwa na Ronald Ngala, iliwakusanya viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa na Wakikuyu na Wajaluo, na dawa iliyoipendekeza ilikuwa majimbo. Katiba ya mwaka 1963 ikawa na majimbo saba pamoja na Nairobi, na Bunge la Senati lenye mjumbe mmoja kwa kila wilaya. Hofu ya jamii ndogo haikuwa ya kubuni, na si haki kuidharau kama ilivyozoeleka katika historia zilizoandikwa chini ya KANU. Lakini serikali mpya haikuijibu hofu hiyo kwa hoja. Iliyanyima majimbo fedha na madaraka mpaka Novemba 1964, KADU ilipojivunja yenyewe na viongozi wake kujiunga na chama tawala. Senati nayo ikafutwa muda mfupi baadaye. Neno likazikwa bila mjadala, na waliolizika pamoja na waliozikiwa wakaketi baraza moja.

Suala ambalo majimbo yalikusudiwa kulitatua, yaani ardhi, halikuzikwa pamoja nalo. Katika Bonde la Ufa, mashamba ya walowezi yaligawanywa kwa njia mbili: miradi ya makazi iliyoanza kabla ya Uhuru, na ununuzi kupitia vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba. Wengi wa walionunua hivyo walikuwa wakulima wadogo kutoka Mkoa wa Kati na kwingineko, waliochanga senti zao kwa miaka. Juu yao walikuwapo wakubwa wa serikali waliojitwalia maelfu ya ekari kwa mikopo ya serikali au kwa barua moja ya ofisi. Jamii zilizokuwa zimeporwa ardhi hiyo na mkoloni, zikiwemo za Wakalenjin na Wamaasai, zilitazama zikiwa kando. Kitu cha kuzingatiwa hapa ni nani aliyeonekana. Mkubwa aliishi Nairobi, nyuma ya ua. Mkulima mdogo ndiye aliyekuwa jirani, mwenye ekari tano na duka la chumvi. Malalamiko yaliyostahili kumwelekea wa kwanza yaliweza kumwangukia wa pili iwapo angetokea mtu wa kuyasukuma.

Utawala ambao haukutaka kuulizwa habari za ardhi ulianza kuwaadhibu waulizaji. Mwaka 1966 Oginga Odinga alijitoa KANU akaunda KPU, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Novemba 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kwa jina Kenya: Twendapi? Kwa swali hilo alishtakiwa kwa uchochezi na kufungwa tangu Machi 1969 hadi Machi 1972, sehemu kubwa akiwa chumba cha peke yake. Alipokuwa gerezani Tom Mboya aliuawa, Julai 1969. Oktoba mwaka huohuo watu walipigwa risasi Kisumu mbele ya Rais, na KPU ikapigwa marufuku; mwaka huo pia viapo vya kikabila vilifanywa Gatundu. Yaani jibu la swali la Abdilatif lilikuja kabla hajamaliza hata mwaka mmoja wa kifungo. Mashairi aliyoyatunga humo yalichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, nayo mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta. Wahakiki wamelicheka jambo hili mara nyingi. Linastahili pia kusomwa kama ushahidi kwamba dola lilikuwa tayari kuuheshimu ufundi wa shairi ilhali halikuwa tayari kulijibu swali.

Utawala wa Moi, ulioanza Agosti 1978, ulileta msamiati wake: nyayo, na utatu wa amani, upendo na umoja. Nyayo maana yake ilikuwa kumfuata aliyetangulia. Kufikia mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, jina la Nyayo House lilitamkwa kwa sauti ya chini kwa sababu ya vyumba vya mateso vilivyokuwa chini ya jengo hilo. Alamin Mazrui, mtunzi wa Kilio cha Haki (1981), alikuwa ameshawekwa kizuizini mwaka 1982, mwaka ambao Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Katama Mkangi, mtunzi wa Mafuta (1984), alikamatwa mwaka 1986. Kisha ukaja uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambapo milolongo mirefu ilitangazwa kuwa mifupi kuliko ile mifupi. Hayo yanajulikana.

Shinikizo la vyama vingi lilipopamba moto, neno lililozikwa lilifukuliwa. Katika mikutano ya hadhara iliyofanywa Bonde la Ufa Septemba 1991, ukiwemo ule wa Kapsabet, vigogo wa KANU walidai kwamba vyama vingi vikija, basi majimbo nayo yaje, na kila mtu arudi kwao. Tarehe 29 Oktoba mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, yakaenea. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba mwaka huo, na uchaguzi ukafanyika Desemba 1992. Makadirio ya watetezi wa haki za binadamu mwaka 1993 yalikuwa watu 1,500 waliouawa na 300,000 waliofukuzwa makwao. Moi alishinda kwa takribani asilimia 36 ya kura.

Katika miaka hiyo ndipo madoadoa yalipopata maana mpya. Doa ni alama ichafuayo nguo. Uradidi katika doadoa huonyesha alama zilizotawanyika hapa na pale. Anayewaita watu madoadoa ameshaamua, kabla ya kutoa hoja yoyote, kwamba nchi ni kitambaa cha rangi moja na kwamba usafi wake ni kufuliwa. Zaidi ya sitiari kuna sarufi. Kiswahili kina kanuni madhubuti kwamba nomino ya kiumbe hai, hata ikiwa katika ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa ngeli ya watu: kipofu amekuja, vijana wamekuja, ng'ombe wamekuja. Lugha haimnyimi hata mnyama heshima hiyo. Madoadoa hayaipati. Husemwa yaondolewe, si waondolewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kwekwe, neno la shambani lililotumiwa vivyo hivyo: huchukua upatanisho wa kitu cha kung'olewa. Mtu alitolewa katika ngeli ya watu kwanza, ndipo akatolewa katika shamba lake.

Neno mgeni liliharibiwa kwa namna tofauti, kwa kuwa lenyewe lilikuwa limejaa heshima. Utamaduni wa Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na methali hii hufasiriwa vibaya mara nyingi kuwa ni ya kumfukuza mtu. Jembe ni alama ya kuingizwa katika kazi ya nyumba, na anayelima pamoja na wenyeji hana tena haki za mgeni wala upweke wa mgeni. Waliochomewa nyumba Molo, Burnt Forest na Enoosupukia walikuwa wamelishika jembe hilo kwa miaka 20 na zaidi. Wengine walizaliwa hapo. Kuwaita wageni kulihitaji kuisahau methali.

Lawama haiwahusu wahubiri wa majukwaani pekee. Magazeti, redio ya taifa na vyumba vya mihadhara vilikubali kwa haraka istilahi ya mapigano ya kikabila, kana kwamba makabila mawili yaliamka asubuhi moja yakashikana mashati. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti mwaka 1992, na Tume ya Akiwumi mwaka 1999, kwamba wanasiasa na maofisa wa utawala walihusika katika kuchochea na kuruhusu mashambulizi hayo. Ripoti ya pili ilifichwa hadi mwaka 2002. Istilahi ile ilifanya kazi ambayo hata msemaji wa serikali asingeifanya vizuri zaidi: ilimwondoa mtendaji katika sentensi.

Pwani ilipata zamu yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, silaha zikaibwa, na wabara wakawindwa. Hapa pia kulikuwa na dhuluma ya kweli ya kuegemea: tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, Wamijikenda wengi wameishi kama maskwota katika ardhi ya mababu zao. Waliouawa hawakuwa wenye hatimiliki hizo. Walikuwa wachuuzi, wapangaji na vibarua, na wengi wao, kama ilivyosemwa sana wakati huo, walitarajiwa kuupigia kura upinzani. Watalii walikimbia, hoteli zikafungwa, na vijana wa Likoni wenyewe wakakosa kazi. Miaka minne kabla ya hapo, kashfa ya Goldenberg na fedha zilizochapishwa kwa ajili ya uchaguzi zilikuwa zimepandisha mfumko wa bei kupita asilimia 40. Mwenye njaa Kwale na mwenye njaa Molo waliibiwa na mkono uleule, huku kila mmoja akifundishwa kumtazama mwenzake.

Ni katika muktadha huu kwamba riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), inahitaji kusomwa upya. Aghalabu hufundishwa kama njozi ya kijamaa: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kufika katika nchi ya usawa. Usomaji huo si makosa, ingawa unaifanya riwaya ionekane kuwa imechelewa, maana ujamaa wa dunia ulikuwa umeanguka. Lakini jina la nchi hiyo ni sentensi kamili: wale ni sisi. Mkangi aliichapisha miaka minne baada ya Meteitei, katika nchi ambayo wale walikuwa madoadoa na sisi tulikuwa kitambaa, na akachagua kiashiria cha mbali na nafsi ya karibu akaviunga kwa kishirikishi ni. Kisanaa riwaya ina udhaifu. Hotuba ni ndefu na wahusika wengine ni vipaza sauti. Jina lake, hata hivyo, lilikuwa jibu la kisarufi kwa kosa la kisarufi. Mwaka 1997 mwandishi huyo aligombea urais, akapata chini ya asilimia 1 ya kura.

Mwaka 2007 majimbo yalirudi katika kampeni, upande mmoja ukiyaahidi na mwingine ukiyatisha watu kwayo. Baada ya matokeo ya Desemba kupingwa, zaidi ya watu 1,100 waliuawa; kanisa lililojaa wanawake na watoto lilichomwa Kiambaa; reli iendayo Uganda iling'olewa Kibera; na ukuaji wa uchumi ukashuka kutoka karibu asilimia 7 hadi chini ya asilimia 2. Waandaaji wa katiba ya mwaka 2010 walijifunza jambo moja kuhusu lugha: walichukua neno lisilo na damu, ugatuzi, wakaunda kaunti 47. Jimbo halikutajwa. Aprili 2022 tume ya uwiano na utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki, madoadoa na kwekwe yakiwemo, pamoja na kauli ya kuwataka wabara waende kwao. Ripoti ya Tume ya Ndung'u kuhusu ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria, iliyokabidhiwa Rais mwaka 2004, ilipendekeza hatimiliki hizo zifutwe. Sehemu kubwa ya mapendekezo yake haijatekelezwa.