Forodhani na Kisimayu: Bustani Hukarabatiwa, Majina Je?

Neno forodha lina asili ya Kiarabu. Tukiliongezea kiambishi cha mahali -ni tunapata Forodhani, yaani mahali pa kutozea ushuru. Mgeni afikapo Forodhani, Unguja, haoni forodha. Huona bustani mbele ya Ngome Kongwe na wachuuzi wa mishikaki na urojo jioni. Shughuli za bandari zilihamia Malindi, na katika miaka ya 1930 eneo hilo likafanywa bustani iliyoitwa Jubilee Gardens. Hata hivyo, wenyeji waliendelea kusema Forodhani, na jina lao ndilo lililodumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bustani hiyo ilikuwa imechakaa: ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na mawimbi, nyasi zimekwisha na taka zimezagaa. Mwaka 2008 Shirika la Utamaduni la Aga Khan lilianza ukarabati. Ukuta ulijengwa upya, taa na njia zikawekwa, miti ikatunzwa na wachuuzi wakatengewa sehemu yao. Bustani ilifunguliwa tena Julai 2009. Waliorudi walipakuta mahali pao palepale, kwa jina lilelile.

Sasa tuelekee kaskazini. Kisimayu nayo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Wamisri walipoiteka mwaka 1875, shinikizo la Waingereza liliwalazimu kuondoka. Wabajuni husimulia kwamba jina la mji huo ni kisima na iyu, yaani kisima cha juu. Mwaka 1968 mwanaakiolojia Neville Chittick alikagua magofu ya misikiti na makaburi katika pwani hiyo na visiwa vyake, vikiwemo Koyama na Chovai. Baada ya dola la Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya.

Hapo ndipo penye tatizo. Ukuta uliobomoka waweza kujengwa upya kwa fedha na mafundi. Lakini jina la kisima au la kijia halichimbuliwi ardhini; limo vinywani mwa wazee, ambao wengi wao wako mbali na visiwa vyao. Hatuna budi, sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kuwaendea wazee wa Kibajuni walioko Mombasa na Lamu na kuyaandika majina hayo kwa matamshi yao wenyewe. Siku amani itakapoleta mafundi Kisimayu, watauliza: hapa paliitwaje? Tuwe na jibu.