Gari la Mtumba, Picha na Ramani: Burkitt Anatufundisha Nini Sisi wa Ufipa?

Sura ya tatu ya tasnifu ndiyo inayowatoa jasho wanafunzi wengi wa uzamili wa afya. Sampuli, dodoso, vigezo: unaweza kuvikariri vyote na bado usijue vinafanya kazi gani. Mimi vilinikaa vizuri zaidi niliposoma habari za Denis Burkitt. Basi leo tumfuate yeye.

Mwaka 1957 Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa Mulago, Kampala. Mwenzake Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna hiyohiyo. Mtoto mmoja ni ajabu, wawili ni swali. Akapekua mafaili ya zamani, akaona kwamba uvimbe wa taya na uvimbe fulani wa tumboni ni saratani moja. Akaandika makala mwaka 1958.

Sasa, inapatikana wapi? Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha picha za wagonjwa na maswali mafupi, akazituma kwa posta hospitali nyingi za Afrika. Kila jibu likawa alama kwenye ramani. Ukajitokeza ukanda katikati ya bara, lakini kingo zake hazikueleweka. Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari la mtumba aina ya Ford lililonunuliwa pauni 250. Wakazunguka wiki 10 na maili kama 10,000, hospitali kwa hospitali, kuutafuta ukingo wa kusini.

Walichokiona kwanza ni mwinuko. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mita 1,500 hivi, lakini kadiri walivyoshuka kusini, mpaka huo nao ulishuka. Kama sababu ingekuwa mwinuko wenyewe, kwa nini mpaka uhame? Jibu lilikuwa joto. Palipo na baridi ya chini ya nyuzi 15 au 16 hivi, au mvua haba, ugonjwa ulikuwa nadra. Mwinuko ulikuwa unasimama tu badala ya baridi.

Ukikaa Sumbawanga unalielewa hili bila ramani. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu, na Julai usiku kila mtu anatafuta blanketi. Teremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze, bonde la Rukwa, ambako ni kama mita 800 tu, na koti unalivua. Safari ya saa chache, mazingira mawili ya magonjwa.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Mtoto wa bondeni akiugua sana, huletwa hospitali mjini, na mama hufikia kwa ndugu. Akiulizwa, "Unakaa wapi?" atataja mtaa wa huyo ndugu. Daftari litaandika Sumbawanga, na ugonjwa wa bondeni utahesabiwa wa nyanda za juu. Hakuna programu ya takwimu itakayokurudishia ukweli huo. Uliza, "Kabla hajaanza kuumwa, mtoto alikuwa anaishi wapi?" Swali moja linaokoa tasnifu nzima.

Na ramani nzuri bado si sababu. Burkitt alidhani kuna kirusi kinachoenezwa na mbu. Anthony Epstein alimsikia akihutubia London mwaka 1961, akaomba vipande vya uvimbe, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi tunachokiita Epstein-Barr. Kumbe hicho huenea kwa mate! Mbu alihusika kwa njia nyingine, yaani kwa malaria. Hata hivyo, watoto wa Mara Kaskazini walipopewa klorokwini kuanzia 1977, saratani ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa. Bila kumbukumbu za miaka ya nyuma, dawa ingepewa sifa ambazo haikustahili zote.

Kwa hiyo ukipangiwa utafiti hapa Rukwa, usilie kwamba huna maabara. Una bonde, una mlima, una daftari. Ila kabla ya kulihesabu daftari, jua kila safu iliandikwa kwa kuuliza swali gani, na nani alijibu. Huko nyuma yake kuna watoto, na dawa hupelekwa pale ramani inapoelekeza.