Fidla na ndugu zake: Ala zinazomtaka mwanagenzi atangulize sikio

FIDLA ni ala ya muziki yenye nyuzi nne ambayo hupigwa kwa uta huku ikiwa imeshikiliwa baina ya kidevu na bega la kushoto. Ndiyo ndogo zaidi, na yenye sauti ya juu zaidi, katika jamii ya ala nne za nyuzi zilizo uti wa mgongo wa okestra. Nyingine ni viola, selo na besi kubwa.

Ala hii ilichipuka kaskazini mwa Italia katika karne ya 16. Miongoni mwa mafundi wake wa awali ni Andrea Amati wa mji wa Cremona. Ni katika mji huo huo ambapo Antonio Stradivari (1644-1737) alitengeneza ala zilizompa sifa isiyofifia. Takriban 650 kati ya hizo zingalipo. Mnamo 2012, UNESCO iliuorodhesha ufundi wa fidla wa Cremona miongoni mwa turathi za utamaduni wa binadamu.

Hata hivyo, wazo la kusugua uzi kwa uta si geni nchini Kenya. Waluo wana orutu, Wagikuyu wana wandindi nao Waluhya wana siiriri, zote zikiwa zeze za uzi mmoja. Aliyewahi kumsikiliza mpigaji stadi wa orutu tayari anajua jambo la msingi kuhusu fidla: kwamba sauti haikatiki baada ya uzi kuguswa kama ilivyo katika gitaa, bali huendelea maadamu uta unatembea.

Shingo isiyo na alama

Tofauti kubwa baina ya fidla na gitaa imo katika shingo. Shingo ya gitaa imekatwa kwa pau nyembamba za chuma zinazomwonyesha mpigaji mahali sauti moja inapokoma na nyingine inapoanzia. Fidla haina pau hizo. Kidole kikisogea milimita mbili au tatu tu, sikio lililozoea hutambua kwamba sauti imepotoka.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa fidla, na papo hapo ndipo ilipo neema yake. Muziki wa Kiarabu hutumia sauti ambazo hukaa katikati ya vibonye viwili vya piano. Kinanda cha kawaida hakina sauti hizo, ilhali mpigaji wa fidla huzipata kwa kusogeza kidole kidogo tu. Ndiyo sababu ala hii ya Ulaya ilikubalika Misri katika karne ya 19, ikachukua hata jina la kamanja, ala ya zamani iliyokuwa ikitumika huko. Wapigaji wengi wa muziki huo hushusha nyuzi mbili nyembamba ili ziafikiane na mahadhi yao.

Kutoka Misri, mtindo huo uliathiri taarab ya Zanzibar. Makundi kama vile Ikhwani Safaa, lililoundwa 1905, na Culture Musical Club yaliipa fidla nafasi kando ya udi, ganuni na nai. Kwa hivyo, mkazi wa pwani aliyelelewa akisikia taarab amekuwa akiisikia fidla tangu utotoni, hata kama hajawahi kuona okestra.

Ndugu wanne

Nyuzi za fidla hulinganishwa kwa sauti za G, D, A na E, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Viola ni kubwa kidogo, nayo hulinganishwa C, G, D na A. Sauti yake ni nzito zaidi. Selo ina sauti hizo hizo za viola lakini zikiwa chini kwa oktava moja, na mpigaji wake huketi akiibana baina ya magoti. Besi kubwa hupita kimo cha watu wengi. Nyuzi zake ni E, A, D na G, na mpigaji husimama au huketi juu ya kigoda kirefu.

Kifuniko cha mbele cha ala hizi huchongwa kwa mbao nyepesi za mti wa jamii ya msonobari, ilhali mgongo na mbavu ni za mti mgumu uitwao mepo. Nyuzi hupita juu ya kibao chembamba kiitwacho daraja. Uta unapousugua uzi, mtetemo hupitia kwenye daraja, hukitikisa kifuniko, na hewa iliyo tumboni mwa ala huikuza sauti. Ndani mmesimamishwa kijiti kidogo kinachounganisha kifuniko na mgongo. Wafaransa na Waitaliano hukiita roho, na si bure: kikianguka, ala huwa kana kwamba imepoteza uhai.

Uta nao hufungwa singa za farasi. Umbo lake la kisasa linahusishwa zaidi na fundi Mfaransa François Xavier Tourte, aliyeishi hadi 1835. Singa hupakwa utomvu mkavu wa msonobari, yaani rozini, ili ziukamate uzi. Bila rozini, uta huteleza na sauti haitoki.

Mwanagenzi aanzie wapi?

Jambo la kwanza ni kipimo. Fidla hutengenezwa kwa ukubwa kamili na pia kwa robo tatu, nusu, robo na hata chini ya hapo. Mtoto hunyoosha mkono wa kushoto, ala ikiwa begani. Kiganja chake kikiweza kukizunguka kichwa cha fidla bila kujikakamua, kipimo kinamfaa. Mzazi anayenunua ala kubwa akitarajia mtoto aikulie humtwika maumivu ya bega na kifundo cha mkono.

Pili ni hali ya chombo chenyewe. Daraja likiwa juu mno, nyuzi huumiza vidole. Vigingi vikilegea, fidla hutoka katika ulinganifu kila baada ya dakika chache. Aghalabu lawama humwangukia mtoto, akaambiwa hana kipaji, ilhali kasoro imo katika ala. Kabla ya kumkatia tamaa, ni busara mwalimu au fundi aikague fidla hiyo.

Tatu ni mazoezi. Majuma ya mwanzo ni ya uta zaidi kuliko vidole: kuuvuta sambamba na daraja, kwa uzito na kasi isiyobadilika, juu ya nyuzi zisizobanwa. Dakika 20 kila siku hufaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Mjapani Shinichi Suzuki (1898-1998) alijenga mbinu yake juu ya hoja kwamba mtoto hujifunza muziki jinsi anavyojifunza lugha ya mama: husikia kwanza, huiga, kisha ndipo husoma. Kwa ala isiyo na alama shingoni, hoja hiyo ina uzito. Anayeweza kuuimba wimbo kwa usahihi huweza kujisahihisha; asiyeweza hukisia tu.

Nne ni utunzaji. Uta hulegezwa kila baada ya kupiga, na singa haziguswi kwa vidole kwa kuwa mafuta ya ngozi huziharibu. Vumbi la rozini hupanguswa kwa kitambaa kikavu. Aidha, fidla isiachwe ndani ya gari juani, kwani gundi inayoishikanisha hulainika kwa joto na unyevu, na mbao zikaachana.

Nchini Kenya, mafunzo ya ala hizi yana historia ndefu. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa Nairobi mwaka wa 1944. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanza 2008 mtaani Korogocho, umeonyesha kwamba okestra si ya watoto wa matajiri pekee.

Anayemtafutia mwanawe mwalimu hana budi kuuliza swali moja: je, katika somo la kwanza mtoto ataimba? Mwalimu anayeanza kwa kumwimbisha mwanafunzi analinoa sikio litakalokiongoza kidole mahali ambapo shingo ya fidla haionyeshi njia.