Nyoka wa Bwana Hogarth

Mwaka 1753 mchoraji wa London, William Hogarth, alichapisha kitabu chake kuhusu uzuri, The Analysis of Beauty. Kwenye ukurasa wa jina la kitabu aliweka piramidi inayopitisha mwanga, na ndani yake mstari uliojipinda mithili ya herufi S. Uutazame vizuri mstari huo: una kichwa. Ni nyoka.

Juu ya mchoro kuna mistari michache ya mshairi John Milton, na hapo ndipo penye kisa. Hogarth angeweza kuchagua popote panaposifiwa maua au mwezi. Yeye alikwenda Kitabu cha Tisa cha utenzi wa Milton, Paradise Lost, pale Ibilisi, akiwa ndani ya nyoka, anajikunja na kujikunjua mbele ya Hawa ili amteke macho. Yaani shahidi wake wa uzuri alimtoa kwenye dhambi ya kwanza!

Sifa ya kinyoka, serpentine, Waingereza waliipata kutoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na mtu aliyeitwa hivyo hakuwa anasifiwa. Alikuwa mwenye hila, wa kuogopwa ulimi. Lakini Milton mwenyewe alishaanza kulegea. Nyoka wake wa mwaka 1667, kwa kuwa bado hajalaaniwa, hatambai kwa tumbo. Anasonga wima juu ya mapindo yake, akimetameta, hata msomaji anaelewa kwa nini Hawa alisimama kumtazama.

Hogarth aliiondoa dhambi akabakiza mpindo. Kwake, jicho huchoshwa na mstari ulionyooka. Hufurahia kuongozwa huku na huko. Akathibitisha kwa vitu vya nyumbani: miguu ya viti, na vibana kiuno saba vya wanawake alivyovipanga kwa mfuatano. Upande mmoja vinazidi kukakamaa, upande wa pili vinazidi kufura, na cha nne, cha katikati, ndicho chenye mpindo wa haki. Wapinzani hawakumwacha, mchoraji mwenzake Paul Sandby alimwandama kwa vibonzo vya kejeli.

Watunza bustani walikuwa wamemtangulia. Mwaka 1730 Malkia Caroline aliagiza kijito cha Westbourne kizuiwe ili Hyde Park ipate ziwa, nalo likaitwa Serpentine. Lina kona moja tu. Nyoka mvivu huyo.

Washairi ndio waliomrudishia nyoka sumu yake, ila hawakumvua uzuri. Katika Christabel ya Coleridge, iliyochapishwa mwaka 1816, macho ya bibi mzuri Geraldine yananywea ghafla na kuwa ya nyoka. Miaka minne baadaye Keats alitoa Lamia, nyoka aliyegeuka mwanamke na kupendwa na kijana Lycius. Mwanafalsafa Apollonius anamfichua mbele ya wageni wa harusi, Lamia anatoweka, na Lycius anakufa usiku uleule. Msomaji hufunga kitabu akiwa na kinyongo, na anayemkasirikia ni mwanafalsafa.